Tumefundishwa sabuni, mnunuzi yuko wapi?

Barua tatu tulizozichagua mwezi huu zinahusu mafunzo ya ujuzi kwa wanawake wenye kipato kidogo. Majina ya waandishi tumeyahifadhi.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama ishirini na wawili katika kata moja ya Wilaya ya Kilosa. Mwaka jana lilikuja shirika likatufundisha kwa siku tatu kutengeneza sabuni ya maji, tukapewa vyeti na malighafi ya kuanzia. Wiki za mwanzo tuliuza, kisha biashara ikafa, kwa kuwa kila mtaa una mtu anayetengeneza sabuni hiyo hiyo, na dukani ipo ya kiwandani kwa bei inayokaribiana na yetu. Sasa shirika limetuandikia kwamba litarudi kutufundisha batiki. Je, tukubali?

JIBU: Marahaba, mama. Kabla ya kukubali au kukataa, waulizeni wageni wenu swali moja ambalo nina hakika hawakuulizwa mara ya kwanza: hapo katani kwenu nani atanunua vitenge vya batiki, mara ngapi kwa mwaka, na kwa fedha itokayo wapi? Wakiwa na jibu, wapokeeni. Wasipokuwa nalo, mtarudi pale pale mlipoachwa na sabuni, safari hii mkiwa na vitambaa ndani badala ya chupa.

Sabuni ya maji na batiki hufundishwa karibu kila mahali nchini kwa sababu ambazo, kwa maoni yangu, zinamfaa mfundishaji kuliko mfundishwa. Malighafi hutoshea nyuma ya gari, somo huisha kabla posho haijaisha, na siku ya kufunga kuna kitu cha kupigiwa picha. Lakini ujuzi ambao mtu yeyote anaweza kuupata kwa siku tatu hauwezi kulinda bei, kwa sababu jirani naye ataupata wiki ijayo. Tena siku tatu hizo mara nyingi hazitoshi hata kwa sabuni yenyewe. Mtengenezaji aliyeelekezwa haraka haraka hajui kwamba chumvi inayoifanya sabuni iwe nzito ndiyo hiyo hiyo inayoifanya iwe nyepesi kama maji ikizidi kipimo, wala hajui kwamba asidi ya salfoniki isipopata magadi soda ya kutosha humchubua mikono mfuaji. Mteja aliyechubuka mara moja harudi, na habari zake hufika kisimani kabla yake.

Upo mfano wa hapa kwetu unaoonyesha njia nyingine. Huko Kinyasini, Kaskazini Unguja, kipo chuo kinachowafundisha wanawake wa vijijini, wengi wao mama watu wazima ambao hawakusoma sana, kufunga na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua. Chuo hicho ni tawi la Barefoot College, iliyoanzishwa mwaka 1972 na Bunker Roy katika kijiji cha Tilonia, jimbo la Rajasthan nchini India, ambako wanawake kutoka nchi nyingi za Afrika wamekuwa wakienda kujifunza kwa miezi sita. Kwa kuwa wanafunzi na walimu hawana lugha moja, na wengine hawasomi, vipuri hutambuliwa kwa rangi na kwa kurudia kazi ile ile kwa mikono mpaka izoeleke. Hilo linavutia, lakini la maana zaidi kwenu ni utaratibu wake: kijiji chenyewe humchagua mwanamke wa kwenda, na kaya zinazofungiwa umeme hukubali kuchangia kila mwezi gharama za matengenezo, ambamo hulipwa fundi. Yaani mnunuzi amepatikana kabla mwanafunzi hajapanda gari.

Mfano wa pili uko Paje, ng'ambo ya mashariki ya kisiwa hicho hicho. Kilimo cha mwani wa kuuza nje kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu hapo wakulima wake wengi wamekuwa wanawake. Mwani aina ya kotonii, wenye bei nzuri, umekuwa ukifa kadiri maji ya bahari yanavyopata joto, na uliobaki kwa wingi ni spinosamu, unaonunuliwa kwa bei ndogo sana ukiwa mkavu. Walioanza kuusaga na kuutia katika sabuni za miche na mafuta ya kujipaka walipata afueni, kwa sababu malighafi ilikuwa mlangoni kwao na mahotelini mlikuwa na wageni waliotaka kitu ambacho hawakukipata mahali pengine. Sabuni ni sabuni, mama, lakini ya Paje ina sababu ya kununuliwa na ya Kilosa bado haijapewa sababu hiyo.

Kwa hiyo kaeni kikao kimoja, mwandike kila huduma ambayo watu wa kata yenu wanailipia fedha kwa mtu atokaye nje. Mtashangaa orodha itakavyokuwa ndefu: sare za shule kila Januari, ukarabati wa pampu na mashine za kusaga, kufunga nyaya za umeme, chakula cha mafundi walio kwenye ujenzi, hata kunyoa na kusuka siku za harusi. Chagueni mawili au matatu yanayohitaji miezi, si siku, kuyajua. Kisha mrudieni mfadhili mkamwombe jambo ambalo huenda halikumjia: badala ya kuwafundisha nyote ishirini na wawili batiki kwa siku tatu, awalipie wanne kati yenu ada ya kozi ndefu na vifaa vya kuanzia kazi, nao waandikishiane na kikundi kwamba kila mmoja atamfundisha mwenzake mmoja akirudi. Akisema bajeti yake inataka idadi kubwa ya wahitimu, mtakuwa mmejua mafunzo hayo ni ya nani.

Sabuni msiitupe. Acheni kupigania mteja wa chupa moja, mwende kwa wanaotumia dumu zima: shule za bweni, zahanati, nyumba za wageni. Hao watataka sabuni isiyobadilika uzito kila mwezi, na wengine watataka alama ya ubora. Pitieni ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, iliyopo Morogoro mjini. Shirika hilo lipo tangu mwaka 1973, na barua yake ya utambulisho ndiyo inayomfungulia mjasiriamali mdogo mlango wa TBS, Shirika la Viwango, kwa unafuu wa gharama za uhakiki katika miaka ya mwanzo.

SWALI: Binti yangu ana miaka kumi na tisa. Aliacha shule kidato cha pili kwa ujauzito na sasa mtoto ana miaka miwili. Anataka ufundi, lakini mimi ninashinda shambani na hakuna wa kumlelea mtoto. Tuko Newala.

JIBU: Pole kwa mzigo, lakini mko karibu na suluhisho kuliko mnavyodhani, kwa kuwa Newala pana Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Vyuo hivi vilianza mwaka 1975, baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya watu wazima alivyoviona Sweden, na leo vipo 54 Tanzania Bara. Hupokea watu ambao hawakumaliza sekondari, na kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho vimekuwa vikiwapa wasichana waliokatishwa masomo nafasi ya kusoma sekondari pamoja na ufundi, huku vingi vikiwa na kituo cha kulelea watoto wa wanafunzi. Nendeni mkakione kituo chenyewe kabla ya kulipa chochote: muulize walezi ni wangapi, mtoto anakula nini, na akiugua usiku nani anaarifiwa. Msichana ambaye moyo wake uko kwa mtoto hawezi kumsikiliza mwalimu.

Kuhusu fani, jihadharini na mazoea ya kumpeleka kila binti kwenye cherehani. Ushonaji ni kazi nzuri kwa anayeupenda, lakini umeme wa majumbani, uashi na ufundi wa magari navyo hufundishwa katika vyuo hivi, na mjini Newala washonaji ni wengi kuliko mafundi umeme wanawake. Mwachieni achague mwenyewe baada ya kuingia karakana zote. Ikiwa atapendelea kurudi shule ya kawaida, tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa ujauzito kurejea.

SWALI: Ni fundi cherehani Mwanza. Nilifundishwa na shangazi yangu na nimeifanya kazi hii zaidi ya miaka kumi, lakini zabuni ya sare nilinyimwa kwa kukosa cheti. Je, nianze chuo upya?

JIBU: La, dada. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa urasimishaji wa ujuzi kwa mafundi waliojifunza kazini. Utapimwa kwa vitendo, utaelekezwa pale penye pengo, na ukifaulu utapewa cheti. Ulizia chuo cha VETA kilicho karibu nawe tarehe za usajili, kwa kuwa upimaji hufanywa kwa makundi.

Wakati ukisubiri, unda kikundi na mafundi wenzako wanawake, kwa sababu mbili. Kwanza, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka 2024, na maombi yake huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Pili, sheria ya ununuzi wa umma inazitaka taasisi za Serikali kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu, wanawake wakiwemo, na zabuni hizo hutangazwa katika NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi kwa mtandao. Kikundi kilichosajiliwa huko kama kundi maalumu hushindana na vikundi vingine vya aina hiyo, si na kampuni kubwa za mjini. Mkopo msiuchukue kabla ya kujua mtashona nini na kwa ajili ya nani, maana marejesho huanza kuhesabiwa hata kama cherehani zimekaa bila kazi.