Mto Niliompa Mwanangu Apige

Mwanangu wa kwanza alipokuwa na miaka 5, nilimpa mto. "Ukikasirika upige huu, usimpige mdogo wako." Ni ushauri niliousikia kwa wengi, nikaamini kwamba hasira hutoka kama mvuke chunguni. Haikuwa hivyo. Alipiga, akazidi kuhema, na alipouchoka mto alimrudia mdogo wake.

Nilichelewa kuelewa kwamba anayepiga mto anajizoeza kupiga. Mwaka 1961, mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwaonyesha watoto mtu mzima akimpiga mwanasesere. Watoto walipoachwa na mwanasesere kama yule, waliiga mapigo, na baadhi wakarudia hata maneno. Nilipoisoma habari hiyo sikumfikiria mwanangu. Nilijifikiria mimi, ninavyobamiza milango.

Basi nilianza na mimi. Nikihisi hasira inapanda, naisema kwa sauti: "Mama amekasirika, nakaa kidogo kwanza." Nikiteleza nikafoka, narudi kumwomba radhi, bila kuongeza "lakini na wewe".

Jambo la pili lilinigharimu subira zaidi. Sehemu ya ubongo inayomsaidia mtu kujizuia huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, kwa hiyo kumhubiria mtoto anayepiga mayowe ni kazi bure. Mafunzo ni wakati wa utulivu. Sisi tulifanya mchezo kabla ya kulala: unanusa ua, kisha unapuliza mshumaa, pole pole, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Pumzi ya namna hiyo hupunguza kasi ya moyo. Tulicheza wiki nyingi kabla haijamfaa kitu.

Siku moja mdogo wake alimbomolea nyumba ya vibao aliyoijenga asubuhi nzima. Ngumi ikaenda juu. Nilipiga magoti, nikaushika mkono wake bila kuuminya, nikamwambia, "Umekasirika, amekubomolea nyumba yako. Kukasirika ruhusa. Kupiga, hapana." Kisha nikanyamaza. Alilia sana. Baada ya muda nikaona midomo inajikusanya, anapuliza. Mazungumzo ya kujenga upya tuliyaacha mpaka machozi yakauke.

Njaa na usingizi vitazame kwanza kabla ya yote. Ugomvi mwingi wa jioni kwetu ulikwisha tulipowahisha kulala.

Bado kuna siku anapiga. Mtoto hafundishwi hili mara moja, na kumwita mkorofi kunamfunza jina tu. Ila ukiona anajiumiza, au anaumiza wenzake mara kwa mara, au hasira zinazidi kadiri anavyokua, mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya watoto mapema, usingoje kuambiwa kwamba atakua ataacha.