Jibu: 12 mlalo ni DHAMINI, si THAMINI

Ndugu yangu, kwenye lile fumbo la maneno ya kujaza visanduku uliloniuliza, kilichokukwamisha ni herufi moja tu. Kidokezo kinasema "kubali kubeba deni la mwenzako", visanduku saba. Umejaza THAMINI, ndiyo maana ile wima ya "meza ya mwanafunzi" ikakutolea TAWATI! Weka DHAMINI, upate DAWATI.

Mimi huyatenganisha kwa nomino zake: dhamana huzaa dhamini (mdhamini wa mahakamani), thamani huzaa thamini. "Vitu vya dhamani" vya kwenye matangazo ni makosa, sahihi ni "vya thamani". Dhana (wazo) na zana (kifaa), ambayo nayo huchanganywa, ni rahisi zaidi, maana idadi ya visanduku inakuumbua mapema: tano kwa nne.

Kuhusu simu kukubadilishia maneno, hata mimi ilinitesa. Naandika "sana" inaniwekea "Santa", Krismasi iko wapi mwezi wa tatu? Kama unatumia Gboard (kibodi ya Google), ingia mipangilio, sehemu ya lugha, uongeze Kiswahili. Ikiendelea na ukaidi, zima kabisa usahihishaji wa kujiendesha. Lakini usitegemee ikuchagulie kati ya dhamini na thamini. Yote mawili ni maneno halali, haitakushtua.

Ile 7 wima bado inanishinda, umeipata?