Maswali ya Wasomaji: Tukodi Filamu Gani Usiku wa Leo?

SWALI: Ndugu Mshauri, kila Jumamosi usiku familia yetu hukodi filamu moja ya kutazama nyumbani, na kila Jumamosi tunabishana weee kabla ya kuichagua. Mwishowe huchukuliwa ile iliyotangazwa kuliko zote. Nusu saa haijaisha, mume wangu anakoroma, binti yetu wa miaka kumi na mmoja amerudi kwenye simu, na mama mkwe, ambaye macho yake hayasomi tena yale maandishi madogo ya chini ya picha, anauliza kwa mara ya tano, "Huyu naye ni nani?" Tafadhali tutajie filamu ambazo sote tutazimaliza. — Mama wa Binti Mmoja

JIBU: Dada yangu, kubishana si kosa, kosa ni kile mnachobishania. Mnaulizana ni filamu ipi iliyo nzuri, ilhali mlipaswa kuulizana kwanza mnaanza saa ngapi na nani atakuwepo sebuleni. Seven Samurai ya Akira Kurosawa, iliyotoka mwaka 1954, ni miongoni mwa filamu bora nilizopata kuziona, lakini ina dakika 207. Mkiiwasha saa tatu usiku mtainuka karibu saa sita na nusu, na kwa mtu aliyeamka alfajiri hiyo si burudani tena, ni zamu ya ulinzi. Mumeo msameheni. Usiku ambao watu wamechoka, mimi binafsi sivuki dakika 100, na urefu wa filamu huandikwa wazi kwenye jalada au kwenye ukurasa wa kukodia, ingawa ni wachache wanaojisumbua kuutazama.

Kwa nyinyi wanne kwa pamoja, ningeanza na City Lights ya Charlie Chaplin, ya mwaka 1931, yenye dakika 87. Wakati huo filamu za maongezi zilikuwa zimekwisha kutawala, lakini Chaplin alikataa kufuata mkumbo, akaitoa hii bila maongezi, kwa muziki na milio michache tu. Maskini asiye na makazi anampenda msichana kipofu anayeuza maua, naye msichana anamdhania kuwa ni tajiri. Kisa kizima kinatoka hapo. Litazameni kwa makini pambano la ndondi. Maskini wetu, ambaye hajui kupigana, anajibanza nyuma ya mwamuzi, na kila mwamuzi anaposogea naye anasogea, hata mpinzani wake hapati pa kurushia konde. Mama mkwe hatauliza huyo ni nani, kwa maana ile kofia, ile fimbo na ule mwendo wa nyayo zilizotazama pembeni humtambulisha mtu kabla hajageuka. Maandishi machache yanayojitokeza katikati ya picha mpeni binti ayasome kwa sauti; kazi hiyo itamtenga na simu kuliko karipio lolote.

Jumamosi inayofuata chukueni Children of Heaven, filamu ya Iran ya mwaka 1997 iliyoongozwa na Majid Majidi. Kaka anapoteza viatu vya dada yake, na kwa kuwa nyumbani hakuna uwezo wa kununua vingine, wanaamua kuvaa jozi moja kwa zamu: dada anasoma asubuhi, kaka anasoma mchana, na kila siku wanakutana uchochoroni mbio mbio ili kubadilishana. Kuna mahali kiatu kinachopwaya kinamvuka yule mtoto, kinatumbukia katika mfereji wa maji na kuanza kuchukuliwa, naye anakikimbiza huku maji yakimshinda mwendo. Ni kiatu kimoja tu kinachoelea, lakini nimeshuhudia watu wazima wakisogea hadi ukingoni mwa kiti. Maongezi yake ni ya Kiajemi, na hapo tena msomaji wa sauti atahitajika, ila maneno si mengi na mengine yote yanajieleza kwa nyuso.

Watoto na wazee wakishalala, kaeni wawili mtazame 12 Angry Men ya Sidney Lumet, ya mwaka 1957. Wanaume kumi na wawili wa baraza la mahakama wamefungiwa chumbani siku ya joto kali waamue kama kijana mmoja ana hatia ya kumuua baba yake. Kumi na mmoja wanasema anayo, mmoja anasema bado hana hakika. Karibu filamu yote imo ndani ya chumba hicho, na bado haichoshi, kwa sababu Lumet aliishusha kamera kidogo kidogo na kutumia lenzi ndefu zaidi kadiri ubishi unavyopanda, hivyo mtazamaji anahisi kuta zinasogea bila kujua ni kwa nini. Ina dakika 96, kwa hiyo mkianza saa tatu mtamaliza kabla ya saa tano kasorobo. Sharti lake ni moja: asiyefuatilia Kiingereza ataachwa njiani, maana humo kila kitu ni maneno.

Kuhusu ubishi wenyewe, mpeni mtu mmoja haki ya kuchagua kila wiki, na wengine kila mmoja awe na kura moja ya turufu kwa mwezi. Utaona jinsi watu wanavyoitunza kura hiyo.

SWALI: Ninaishi peke yangu, ninapenda kutishwa lakini damu siivumilii. Nikodi nini? — Mwoga Jasiri

JIBU: Kodi Rear Window ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1954. Mpiga picha aliyevunjika mguu ameketi dirishani na plasta yake, hana la kufanya ila kuchungulia majirani, hadi anapoanza kushuku kwamba mmoja wao amemuua mkewe. Hofu yake inatokana na umbali: anamwona mtu anayempenda akiwa ndani ya nyumba ya mshukiwa, anamwona mshukiwa mwenyewe akirudi, na hawezi kukimbia wala kuita. Funga mapazia yako kabla ya kuanza.

SWALI: Nilikodi filamu mtandaoni, nikatazama robo yake, nikapatwa na wageni. Siku ya tatu ilikataa kufunguka. Je, nimedhulumiwa? — Mwenye Hasira

JIBU: Hukudhulumiwa, ingawa uchungu wako ninauelewa, kwani yalinipata pia. Katika maduka mengi ya mtandaoni mkodishaji anakupa siku 30 za kuanza kutazama, lakini ukishabonyeza kitufe cha kuanza unabaki na saa 48 tu, hata kama ulitazama dakika mbili. Kwa hiyo usibonyeze "ili kuona tu kama inafanya kazi"; kwa jaribio hilo tumia kionjo, ambacho ni cha bure.