Kichefuchefu kimepotea ghafla wiki ya tisa

Pole kwa wasiwasi, dada. Umesema una wiki 9, ulikuwa ukitapika kila asubuhi, na tangu juzi unaamka mzima hadi unahofia mimba imeharibika. Kichefuchefu hakina ratiba: leo harufu ya kitunguu kikikaangwa inakutoa jikoni mbio, kesho unakula ugali na dagaa bila shida. Kwa wengi huanza kama wiki ya 6, hukolea kati ya wiki ya 8 na 10, kisha hupungua. Homoni ya mimba nayo hufika kileleni kipindi hicho hicho. Kwa hiyo kupungua peke yake si dalili ya mimba kutoka, na wapo wasiotapika kabisa wakajifungua salama.

Ila ukiona damu, maumivu makali ya tumbo la chini hasa upande mmoja, au kizunguzungu cha kuanguka, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki. Hata bila hayo, kama hofu inakunyima usingizi, omba ultrasaundi; kwa wiki 9 mapigo ya moyo kwa kawaida huonekana. Foliki (kidonge cha vitamini kwa wajawazito) usiache. Ikikuchefua asubuhi, meza usiku baada ya chakula.