Maswali na Majibu: Vyanzo vya Kazi za Saikolojia

Je, inafaa kunukuu Wikipedia?

Haifai. Isome upate mwanga wa mada, kisha uzifuate kazi zilizotajwa mwishoni mwa ukurasa.

Nimetafuta neno "kumbukumbu" kwenye Google Scholar, nikapata matokeo yasiyohesabika. Nifanyeje?

Tatizo liko kwenye swali lako. Ni kumbukumbu ya nani, katika hali gani, na imepimwa vipi? Ukiweza kusema "usingizi na kumbukumbu kwa vijana", hamia PsycInfo kupitia maktaba ya chuo chako, kwa kuwa hifadhidata hiyo ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani ina orodha yake ya istilahi na hukuwezesha kuchuja tafiti kwa umri wa washiriki na mbinu iliyotumika. Usipoipata, PubMed ni ya bure, nayo ina mengi kuhusu ubongo na afya ya akili.

Vyanzo vingapi vinatosha?

Swali hili huletwa kila muhula, na jibu lake limo katika maelekezo ya kazi uliyopewa. Yasome.

Kitabu cha kiada kimeeleza vizuri nadharia ya Maslow kuhusu ngazi za mahitaji ya binadamu. Kwa nini mhadhiri anadai makala ya awali?

Kwa sababu vitabu vya kiada hurithishana makosa. Fungua makala ya Maslow ya mwaka 1943 katika jarida la Psychological Review uitafute ile piramidi maarufu: haimo. Vilevile, kwa miongo mingi wanafunzi walifundishwa kwamba mashahidi 38 walitazama tu Kitty Genovese alipouawa New York mwaka 1964, hadi Rachel Manning na wenzake walipoonyesha mwaka 2007 kwamba ushahidi uliopo hauungi mkono simulizi hilo.

Hata hivyo, kusoma makala ya awali hakutoshi. Angalia pia ni nani walioinukuu baadaye na walisema nini. Mwaka 2015 watafiti waliorudia tafiti 100 za saikolojia waliripoti kwamba ni takriban asilimia 36 tu ya marudio hayo yaliyotoa matokeo yenye uzito wa kitakwimu. Kagua vilevile kama makala imebatilishwa. Makala zaidi ya 50 za Diederik Stapel, mwanasaikolojia wa Uholanzi aliyebainika mwaka 2011 kuwa alibuni data, zimeondolewa, na bado utakutana nazo ukitafuta.

Programu ya akili mnemba imenipa marejeleo kumi, lakini matatu siyaoni popote. Niyaache kwenye orodha?

Yaondoe leo hii. Programu hizo hubuni kichwa cha makala, waandishi na mwaka vikaonekana halali kabisa. Yale saba yaliyobaki nayo yakague moja moja: ingiza namba ya DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha makala, kwenye tovuti ya doi.org uhakikishe kwamba makala inayofunguka ndiyo iliyotajwa, maana namba halisi yaweza kubandikwa kwenye kichwa cha uongo. Kazi ambayo hukuifungua haistahili kuingia katika orodha yako, na mhadhiri akikuuliza ukurasa wa matokeo unasemaje, huna pa kujificha.

Makala ninayoihitaji inauzwa. Nilipie?

Usilipe. Katika Google Scholar, bofya kiungo cha matoleo yote chini ya makala hiyo. Mara nyingi mwandishi ameweka nakala ya bure. Ukikosa, mwombe mkutubi akuagizie, au umwandikie mwandishi mwenyewe barua pepe fupi, ukitaja kichwa cha makala na kazi unayoifanya.