Jibu: Nywila kuonekana juu kwenye anwani

Ndugu yangu wa Shela, umeuliza kwa nini mgeni akibonyeza "Ingia" kwenye tovuti ya nyumba yenu ya wageni, nywila yake inatokea wazi juu kwenye anwani. Fomu yako haina method="post", yaani agizo la kutuma data ndani ya ombi, si kwenye anwani. Usipoiandika, kivinjari hutumia GET, njia inayoweka data kwenye anwani yenyewe, na nywila hubaki kwenye historia ya kompyuta ya mapokezi, kila mtu aione. Iongeze tu; hilo ni la dakika moja.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni jedwali lako la hifadhidata: nywila umezihifadhi vile vile zilivyo. Tafadhali usiifungue tovuti hivyo! PHP, lugha ya programu ya upande wa seva, ina password_hash ya kuzivuruga kabla ya kuzihifadhi, na password_verify ya kuzihakiki mtu akiingia. Safu yake kwenye jedwali iwe VARCHAR(255), yaani maandishi ya hadi herufi 255. Na HTTPS, yaani muunganisho uliosimbwa kati ya kivinjari na seva, ni lazima, maana POST peke yake haifichi kitu njiani.