Maswali ya Wasafiri: Kuizuru Kusini kwa Fedha Kidogo

Wasomaji kadhaa wameniandikia wakiuliza namna ya kuzuru mikoa ya Lindi na Mtwara bila kumaliza akiba zao. Ninaishi Mtwara mjini, na kwa miaka mingi nimeuzunguka ukanda huu kwa mabasi, daladala na mashua. Ninaamini kwamba huku Kusini fedha nyingi za msafiri hupotelea katika haraka kuliko katika starehe, na majibu yangu yanatokana na imani hiyo.

Mimi ni mwalimu, naishi Dar es Salaam. Nina siku nne, na mke wangu anatamani tuone Kilwa, Lindi na Mtwara. Je, tutamudu?

Mwalimu, ningekusihi uchague mahali pamoja tu. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni takriban kilomita 560, na Kilwa Masoko haipo kwenye barabara kuu: mtashuka Nangurukuru, kisha mtatafuta gari dogo la kuwaingiza mpaka Masoko. Kila mnaposhuka na kupanda upya mnalipa nauli nyingine, bodaboda ya kutoka stendi, na chumba cha usiku mmoja ambacho mngeweza kupunguziwa bei kama mngekaa siku tatu. Nimekutana na familia zilizokuwa zikirudi zimechoka na kuishiwa, ilhali kila mji zilikaa nusu siku.

Kwa siku nne, Kilwa peke yake inatosha. Mkiamua kufika Mtwara, kaeni mjini na mwende Mikindani kwa daladala, mwendo wa kilomita kama 10 hivi. Kutembea katika vichochoro vyake vya nyumba za mawe, mkatazama boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895 na nyumba yenye kibao cha kumkumbuka David Livingstone, aliyeanzia hapo safari yake ya mwisho mwaka 1866, hakudai kiingilio chochote.

Tuko wanne na tunataka kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani. Kila tunayemuuliza bei ya boti anataja yake. Tuanzie wapi?

Msianzie ufukweni. Anzieni pale Kilwa Masoko, katika ofisi inayosimamia magofu ya mji wa kale wa kisiwani, kwa sababu kibali ni lazima, na hapo hapo mtaunganishwa na mwongozaji na kuelezwa bei ya boti inayotozwa siku hizo. Bebeni vitambulisho vyenu, maana kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni wa nje, na asiye na kitambulisho hana la kuonyesha.

Mlango wa bahari kati ya Masoko na kisiwa ni mwembamba, kama kilomita mbili tu. Boti ya injini mkiikodi peke yenu itakuwa ghali kuliko mashua ya tanga, ingawa tanga hutegemea upepo. Wakazi wa kisiwani nao wana vyombo vyao vya kuvukia, ambavyo huondoka vikijaa na kutoza nauli ndogo. Mkiwa na subira na mwongozaji akiridhia, hiyo ndiyo njia nafuu kuliko zote. Fikeni mapema asubuhi kabla jua halijawa kali, mkiwa na maji ya kunywa na vitafunwa vyenu.

Malipo ya mwongozaji ningewaomba msiyapunguze. Magofu haya yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981, na Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Morocco, alifika katika mji huu mwaka 1331 akausifu, lakini bila mtu wa kuwasimulia mtaona kuta tu. Pale Husuni Kubwa, magofu ya kasri la kale juu ya genge linaloangalia bahari, kuna birika la kuogea lenye pembe nane. Niliposimama ukingoni mwake kwa mara ya kwanza nilidhani ni shimo la kawaida lililoporomoka, mpaka mzee aliyetuongoza aliposhuka ndani, akapitisha kiganja kwenye mawe, akatuonyesha pembe moja baada ya nyingine huku akizihesabu kwa sauti. Na kama nahodha hana maboya ya kujiokoa ya kuwatosha wote, tafuteni chombo kingine, hata kama bei yake imewapendeza.

Ni miezi gani nauli na vyumba huwa nafuu?

Nauli za mabasi zina kikomo kinachopangwa na LATRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, kwa hiyo tofauti huletwa zaidi na wapiga debe wakati wa msongamano kuliko na majira. Kata tiketi katika ofisi ya basi na uhakikishe kiasi ulicholipa ndicho kilichoandikwa. Mimi hupendelea Juni hadi Septemba. Kuanzia Oktoba msimu wa korosho huchangamsha miji yetu, wanunuzi hujaa, na chumba kizuri huwa cha kugombea. Mwisho wa Desemba mabasi hufurika watu wanaorudi makwao. Masika yana gharama yake: mwezi Mei 2024, kipindi cha kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Somanga na wasafiri wengi wakakwama. Ukisafiri wakati wa mvua, tenga fedha ya siku mbili za ziada usiyoigusa.

Nitaichaguaje gesti ya bei ndogo isiyo na karaha?

Nenda kwa miguu yako mwenyewe, kwa sababu aliyekupeleka huenda akadai chake kutoka kwa mwenye nyumba, nacho kikaongezwa kwenye bei yako. Kabla ya kulipa, fungua bomba, washa feni na utandaze neti uone kama imetoboka. Joto la pwani bila feni halivumiliki.

Nimesoma kuhusu dinosaria, yule mjusi mkubwa wa kale aliyefukuliwa Tendaguru. Nikifika Lindi, ni nauli kiasi gani kwenda kumwona?

Dada yangu, mjusi huyo yuko Berlin. Wajerumani walichimba Tendaguru kati ya mwaka 1909 na 1913, na wenyeji wa Lindi ndio waliochimba kwa mikono yao chini ya msimamizi Boheti bin Amrani na kuibeba mifupa hiyo hadi pwani. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, kimo chake kikizidi mita 13. Inaniuma kukwambia hivyo, lakini pale kilimani Tendaguru utakuta msitu na nyasi, nawe utakuwa umekodi gari kwa gharama kubwa. Fedha hiyo itumie kuvuka kwa kivuko hadi Kitunda, ng'ambo ya ghuba, uutazame mji wa Lindi ukiwa upande wa pili wa maji.

Tule nini, na korosho tununue wapi?

Kuleni kwa mama lishe, mchana, wakati chungu bado kina moto: wali kwa samaki, au ugali wa muhogo kwa kisamvu. Njiani mtauziwa ming'oko ya kuchemsha, mizizi myembamba ya porini inayoliwa kwa chumvi na pilipili, nayo hushibisha kwa fedha ndogo mno.

Korosho nunueni zilizokwisha kubanguliwa na kukaangwa, sokoni, kwa kinamama wanaozikaanga wenyewe. Korosho ghafi msizinunue mlangoni kwa mkulima hata mkibembelezwa, maana hiyo ndiyo kangomba, biashara iliyokatazwa na inayomkandamiza mkulima. Zilizovunjika vipande huuzwa bei ya chini na utamu wake ni ule ule. Ombeni moja ya kuonja na muivunje kwa vidole: iliyo mpya hukatika kwa mlio, na ya zamani hupinda na kunuka mafuta yaliyolala.